Kwa nini tajiri aache tundu la ghorofa saba katikati ya duka lake? (Jengo la Wanamaker, Philadelphia)

#1 Mpita Njia PA

Wakuu, salaam.

Naishi Philadelphia, Marekani, huu mwaka wa kumi na moja. Katikati ya mji, ng'ambo tu ya City Hall, kuna jengo limemeza mtaa mzima: Market Street upande mmoja, Chestnut upande wa pili, 13th na Juniper ubavuni. Wazee wa hapa wanaliita Wanamaker mpaka leo, ingawa jina la duka lilishabadilika mara kadhaa. Miaka yote hiyo nimepita nje yake nikienda kazini bila kugeuza shingo. Kwa nje ni graniti, ghorofa 12, madirisha kwa safu, basi.

Machi 2025 Macy's, duka la mwisho kukaa mle, lilikuwa linafunga. Nikaingia kutafuta koti la bei ya kutupa. Kila kitu kilikuwa kinauzwa, mpaka rafu zenyewe na vitundikio vya nguo. Nikapenya katikati ya viatu, nikatokea mahali ambapo dari haipo. Nikainua macho. Ukumbi mtupu umepanda ghorofa saba, kama mita 45, roshani zimeuzunguka kila ghorofa, matao na marumaru, na ukuta mmoja juu umejaa mabomba ya kinanda yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Chini katikati ameketi tai wa shaba, mkubwa kuliko ng'ombe. Mara kinanda kikaanza kupigwa. Nilisimama pale na koti mkononi dakika arobaini.

Swali langu ni hili. John Wanamaker alikuwa mfanyabiashara hasa, siyo mtoto wa mfalme. Ardhi ile ni ya kitovu cha mji. Kwa nini mtu wa hesabu ajenge duka, halafu katikati pale auze hewa? Nimeuliza watu watatu hapa, nimepewa majibu matatu. Karibuni.

#2 Ngoja Waje

Nimeweka kiti mbele kabisa. Huu uzi usihamishwe jukwaa.

#3 Fremu Kumi

Mleta mada, mimi ni mtu wa Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Kwetu kodi ya fremu unalipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kabla hujaweka mguu ndani unatoa kilemba. Hata chini ya ngazi pamekodishwa, kuna kijana anauza kava za simu na ana wateja. Sasa ukiniambia kuna mtu ameacha ghorofa saba za hewa katikati ya mji, jibu naliona ni moja: sifa. Alikuwa nazo, akataka watu wajue anazo. Tusitafute hekima nyingi hapo.

#4 Fundi Zege

Fremu Kumi, taratibu kidogo. Wewe unahesabu fremu inayotazama barabara. Jengo likichukua mtaa mzima, katikati yake ni giza. Dirisha linakupa mwanga wa maana mita chache tu kutoka ukutani, zaidi ya hapo unauza kitambaa cheusi mteja akidhani ni bluu. Ndiyo maana maduka makubwa ya karne ya 19 yalitobolewa katikati. Lile tundu ni dirisha, ila limewekwa ndani.

Na kiufundi liliwezekana kwa sababu graniti unayoiona nje ni vazi. Mzigo umebebwa na kiunzi cha chuma. Kwa ukuta wa mawe peke yake usingepata uwazi wa namna ile bila nguzo nene kama mbuyu. Msanifu wake ni Daniel Burnham wa Chicago, ndiye wa lile jengo la pembetatu la New York, Flatiron. Chuma alikijua.

#5 Mtafiti wa Kale

Fundi, sehemu ya chuma nakubali kabisa. Sehemu ya mwanga ina tatizo la tarehe.

Wanamaker alifunga taa za umeme dukani kwake mwaka 1878. Simu 1879. Mwaka 1880 akaweka mirija ya hewa ya kusafirisha pesa: mhudumu anatia noti kwenye kopo, hewa inalisukuma hadi kwa keshia, chenji inarudi njia ileile. Mtu huyu anaanza kujenga jengo jipya 1902. Kama shida ilikuwa mwanga, alikuwa na taa miaka zaidi ya ishirini.

Niongeze historia kidogo ili tuwe pamoja. Alizaliwa 1838. Mwaka 1861 yeye na shemeji yake Nathan Brown walifungua duka la nguo za kiume, Oak Hall, kona ya Sixth na Market. Baadaye akanunua stesheni ya zamani ya mizigo ya reli ya Pennsylvania, hapohapo 13th na Market. Mwaka 1876, Marekani ikitimiza miaka mia, akaifungua kama duka na kuiita Grand Depot. Jengo la sasa lilipandishwa juu ya kiwanja hicho kwa awamu tatu kati ya 1902 na 1911, ili biashara isisimame hata siku moja. Rais Taft ndiye aliyelizindua, tarehe 30 Desemba 1911.

Kwa hiyo tunazungumzia mtu aliyekataa kufunga duka kwa ajili ya ujenzi kwa miaka tisa. Mtu wa aina hiyo hapotezi nafasi kwa bahati mbaya.

#6 Shangazi wa Tabata

Mimi nauza vitenge, naomba niseme ya kwangu. Mteja akiingia mahali pembamba, anashika anachotaka, analipa, anatoka. Akiingia mahali akainua kichwa, mwendo wake unapungua. Akipunguza mwendo anaanza kuona vitu asivyovijia. Mleta mada mwenyewe ametuambia: alikuja kwa koti, akasimama dakika arobaini. Mfanyabiashara gani asiyetaka mteja asimame dakika arobaini?

#7 Fremu Kumi

Shangazi, lakini alinunua nini katika dakika hizo arobaini? Mleta mada, tuambie ukweli.

#8 Mpita Njia PA

Koti lilelile. Na soksi.

#9 Shangazi wa Tabata

Soksi hazikuwa kwenye mpango. Mwanangu Fremu Kumi, hilo nimeshinda.

#10 Sauti ya Nne

Nimechelewa kuingia ila uzi umenigusa. Mimi napiga kinanda usharikani, KKKT, huku Kaskazini. Kwangu jibu liko wazi: ule ni ukumbi wa kanisa. Wanamaker alikuwa Mpresbiteri wa kweli, aliendesha shule ya Jumapili ya Bethany kwa miaka mingi sana. Na kabla ile stesheni ya mizigo haijawa duka, majira ya baridi ya 1875 kuingia 1876 aliitoa kwa mhubiri Dwight Moody na mwimbaji Ira Sankey, wakafanya mikutano ya injili mle ndani, maelfu ya watu kila siku. Yaani kiwanja kile kiliimbiwa kabla hakijauziwa. Sasa mtu huyo anapojenga upya, anaweka ukumbi mrefu wenye matao na kinanda ukutani. Mnataka ushahidi gani tena?

Kuhusu kinanda chenyewe, watu wanaposikia neno hilo wanafikiria kile cha umeme cha kwaya. Hiki ni cha mabomba. Kila noti ina bomba lake, na kila rangi ya sauti ina safu yake ya mabomba. Kile kina mabomba zaidi ya 28,000, safu 464, na madawati sita ya vibao, moja juu ya jingine, mbali na vibao vya miguu. Bomba kubwa kabisa ni la mbao, urefu unazidi mita 9, ubao wake una unene wa inchi tatu. Waliwahi kumwingiza farasi mdogo wa Shetland ndani yake wakampiga picha. Bomba dogo kabisa halifiki hata sentimita moja. Uzito wa chombo chote ni tani 287.

Bomba refu namna hiyo likilia, sikio halilipati vizuri. Unalipata kwenye nyayo na kifuani. Mpita Njia, naomba unithibitishie.

#11 Mpita Njia PA

Naam. Mkono wangu ulikuwa kwenye meza ya kioo ya manukato. Chupa zilianza kugongana taratibu kabla sijatambua kwamba nasikia kitu.

#12 Mtafiti wa Kale

Sauti ya Nne, nimefurahi kusoma, ila tarehe tena. Kinanda hakikutengenezwa kwa ajili ya ukumbi ule. Kilijengwa na kampuni ya Los Angeles kwa ajili ya maonesho ya dunia ya St. Louis, 1904, mchoro wa George Ashdown Audsley, kikiwa na mabomba zaidi ya 10,000. Kazi ile iliwafilisi waliokijenga. Kikawekwa stoo miaka kadhaa mpaka Wanamaker alipokinunua 1909. Kilisafirishwa kwa mabehewa 13 ya treni na kilichukua miaka miwili kufungwa. Kilipigwa rasmi mara ya kwanza tarehe 22 Juni 1911, saa ileile Mfalme George wa Tano wa Uingereza anatawazwa London.

Jengo lilianza 1902, kinanda kimenunuliwa 1909. Ukumbi umetangulia. Kinanda kilikuja kujaza utupu ambao tayari ulikuwa umeamuliwa. Na kilipofika kikaonekana kidogo! Sauti ilipotelea hewani. Ndipo wakaanzisha karakana yao wenyewe ya kutengeneza vinanda humohumo jengoni, juu kabisa, wakaongeza mabomba awamu kwa awamu hadi 1930.

#13 Wa Moi Avenue

Niaje wakubwa. Mnajadili poa sana. Ila nimesoma mahali kuwa hapo kwa Wanamaker ndipo habari za Titanic kuzama zilipokelewa kwa redio. Ni kweli?

#14 Mtafiti wa Kale

Ndugu yangu, hiyo ni Wanamaker ya New York. Alikuwa na duka huko pia. Kijana David Sarnoff alikuwa opereta wa kituo cha redio cha kampuni ya Marconi katika duka lile, Aprili 1912, na alipokuja kuwa mkubwa wa redio na televisheni akasimulia kana kwamba alikaa peke yake kwenye mtambo siku tatu. Wanahistoria wameipunguza sana hadithi hiyo, hakuwa peke yake.

Lakini umenikumbusha jambo linalohusu swali letu. Duka lile la New York alilinunua mwaka 1896, na lilikuwa lile kasri la chuma alilolijenga A. T. Stewart mwaka 1862. Katikati yake lilikuwa na uwazi mkubwa uliopanda hadi kwenye paa la kioo. Kwa hiyo kabla hajamwita Burnham, Wanamaker tayari alikuwa anamiliki duka lenye tundu katikati, na alikuwa ameona siku kwa siku linaleta nini. Mimi naegemea hapo: aliiga alichokwisha kukijaribu.

#15 Fundi Zege

Na mimi niombe kurudi na hoja tofauti, maana ya mwanga mmenipiga nayo.

Angalieni zile awamu tatu. Unajenga jengo la mtaa mzima huku duka la zamani bado linafanya kazi katikati ya kiwanja. Unaanza upande mmoja, unaendelea, wateja wako ndani. Nimefanya kazi ya namna hiyo, hoteli moja ya hapa mjini, jengo la zamani linaishi na jipya linainuka ubavuni. Kinachokusumbua siyo kuta, ni pale vipande vinapokutana. Sakafu hazilingani, nguzo hazipangiki. Ukiweka ukumbi mkubwa katikati, umepata mahali pa kukutanishia vyote, na jicho la mtu linaondoka kwenye viungo linaenda juu. Hayo ni mawazo yangu mimi fundi, lakini Burnham naye alikuwa mtu wa saiti.

#16 MwanaMizingani

Assalaam aleikum. Nawasoma tangu asubuhi. Sisi watu wa Unguja hatushangai nyumba kuwa na utupu ndani. Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa 1883 enzi za Sayyid Barghash, nayo ilikuwa na ukumbi wa kati uliofunikwa juu na roshani kuuzunguka, mpaka sehemu yake ilipoporomoka siku ya Krismasi 2020. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ua wa ndani. Hewa inapanda, nyumba inapoa, na walio juu wanazungumza na walio chini bila kushuka ngazi.

Lakini kilichonileta ni kinanda. Mmetaja vibao. Kwa miongo mingi vibao vya piano za Marekani vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipita bandarini kwetu. Kampuni za Connecticut ziliweka mawakala Unguja. Pembe zilikofikia ni miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, na huo wa pili umepewa jina kutokana na pembe yenyewe. Zilikatwa vipande vyembamba kama kucha, zikapangwa kwenye vibanda virefu vya kioo zianikwe jua mpaka ziwe nyeupe. Na kabla hazijafika Unguja zilibebwa mabegani kutoka bara. Watu walikufa njiani. Kila ninapoona piano ya zamani nawakumbuka hao.

#17 Ngoja Waje

Duh. Nilikuja kwa jengo, nimetoka na pembe.

#18 Sauti ya Nne

MwanaMizingani, asante. Unasema kinanda kile cha mle dukani nacho ni pembe zetu?

#19 MwanaMizingani

La, sisemi hivyo ndugu yangu. Nasema piano, na Wanamaker aliuza piano nyingi mno mlemle jengoni, alikuwa na kumbi nzima kwa ajili hiyo. Mkikaa kuhesabu ukumbi ule uligharimu nini, wekeni na hilo kwenye daftari.

#20 Fremu Kumi

Hapo nimenyamaza kidogo. Lakini turudi kwenye biashara. Huyu Wanamaker mnamsifia sana, ni kweli ndiye aliyeanzisha bei ya kubandikwa, isiyopungua? Maana huyo kwangu ni adui. Kariakoo bila kupatana siyo Kariakoo.

#21 Mtafiti wa Kale

Wamarekani wengi wanampa sifa hiyo, naye hakuikataa. Lakini wafanyabiashara wa Kikweka, lile dhehebu la Kikristo, walikuwa wanauza kwa bei moja muda mrefu kabla yake, Stewart wa New York pia, na Boucicaut wa duka la Bon Marché kule Paris. Alichofanya Wanamaker ni kuitangaza kwa sauti kubwa, pamoja na ahadi kwamba ukirudisha bidhaa unarudishiwa pesa.

#22 Shangazi wa Tabata

Na hilo ndilo jibu lenyewe jamani! Mkiuza kwa kupatana, mnauza uso kwa uso, mteja na muuzaji, pembeni, kwa sauti ya chini, maana sitaki huyu asikie nimemwachia yule kwa ngapi. Bei ikiwa moja, hakuna cha kuficha. Unaweza kufungua duka lote lionekane kutoka kila upande. Aliye ghorofa ya tano anamtazama anayehudumiwa ghorofa ya pili. Ule uwazi unasema: hapa hakuna anayeibiwa. Mimi naona hivyo kabisa, na ningependa mtu anipinge kwa hoja.

#23 Fundi Zege

Shangazi, hiyo ni hoja nzito kuliko ya mwanga. Natamani ningeifikiria mimi.

#24 Wa Moi Avenue

Na ile mambo ya tai? Mbona tai?

#25 Mpita Njia PA

Tai ni kazi ya August Gaul, Mjerumani, alikuja kwenye maonesho yaleyale ya St. Louis. Uzito unapita kilo 1,100, na sakafu ilibidi iongezewe boriti chini ili imbebe. Manyoya 5,000 yametengenezwa moja moja, 1,600 kichwani peke yake. Watu wa hapa wakipeana miadi mjini wanasema "tukutane kwa tai". Jirani yangu, mama wa miaka themanini na kitu, alikutana na mumewe pale. Ananiambia siku ile alifika mapema akahesabu manyoya ya bawa moja kwa sababu ya woga.

#26 Mtafiti wa Kale

Tai wa maonesho, kinanda cha maonesho. Na Burnham ndiye aliyesimamia ujenzi wa maonesho ya dunia ya Chicago, 1893. Na Rodman, mtoto wa Wanamaker, aliishi Paris karibu miaka kumi akinunua bidhaa za duka, wakati maduka ya kule yalikuwa yanashindana kwa kumbi na ngazi za fahari. Galeries Lafayette wamefungua kuba lao la kioo 1912, mwaka mmoja tu baada ya huku. Siachi hoja yangu ya #14, lakini naona nayo hii ina miguu: lilikuwa banda la maonesho la kudumu, ambalo halibomolewi msimu ukiisha.

#27 Fremu Kumi

Yaani Mtafiti sasa una hoja mbili peke yako. Chagua moja ndugu yetu.

#28 Mtafiti wa Kale

Sichagui. Zote mbili zina ushahidi.

#29 Mbeba Ndoo

Nimekuwa msomaji tu, leo nachangia. Nilikuwa zimamoto miaka 22. Ninyi mnaona fahari, mimi naona bomba la moshi. Ukumbi unaounganisha ghorofa saba bila mlango wala ukuta, moto ukianza chini, moshi unafika juu kabla hujamaliza kupiga kengele. Ubelgiji, Brussels, kulikuwa na duka la L'Innovation, jengo la Victor Horta la 1901, nalo lilikuwa na uwazi katikati. Liliungua tarehe 22 Mei 1967, watu zaidi ya 250 wakafa. Lile kasri la Stewart mlilolitaja nalo liliteketea 1956. Ndiyo maana maduka mengi ya zamani yalikuja kuziba matundu yao kwa sakafu. Swali langu kwa mleta mada ni la kinyume: siyo kwa nini walilifungua, ni kwa nini hawakuliziba?

#30 Fremu Kumi

Mkuu, umenirudisha Julai 2021, soko la Kariakoo lilipoungua. Nilisimama Mtaa wa Nyamwezi usiku ule, joto unalisikia usoni ukiwa mbali. Nilikuwa na mzigo wa rafiki yangu mle. Sitaki hata kuandika.

#31 Shangazi wa Tabata

Pole mwanangu. Nilipoteza mteja wangu wa jumla kipindi kile, mtaji wake wote ulikuwa mle. Hakurudi tena kwenye biashara.

#32 Fundi Zege

Poleni sana. Na lile soko, mzee Beda Amuli alipolichora, naye aliacha hewa nyingi juu, yale mapaa ya zege kama miavuli. Kuna wasanifu wanaojenga hewa makusudi, na sisi mafundi tunalalamika mpaka siku tunapovua viatu tukaketi chini yake.

#33 Mpita Njia PA

Mbeba Ndoo, swali lako ni zuri kuliko langu. Ninachojua: familia iliuza biashara 1978, na mwaka huohuo jengo likaorodheshwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Ghorofa za juu zikageuzwa ofisi. Jina likabadilika, Hecht's, Strawbridge's, Lord & Taylor 1997, Macy's 2006. Ghorofa za kuuzia zikawa chache kuliko zamani. Lakini kila mmoja alikiacha kinanda kipigwe, mara mbili kwa siku, isipokuwa Jumapili, bure. Na tangu 1956 kila Krismasi kulikuwa na maonesho ya taa mle ukumbini, watoto wakiketi sakafuni mbele ya tai. Ukiziba ukumbi unawanyang'anya watu vyote viwili kwa mpigo. Sidhani kuna mwenye duka aliyetaka lawama hiyo.

#34 Sauti ya Nne

Bure! Hapo nasisitiza kanisa. Mwaka 1919 Leopold Stokowski alileta orkestra ya Philadelphia mle ndani, watu 15,000 wakajazana kusikiliza. Mwaka 1921 Marcel Dupré wa Ufaransa alipewa papo hapo nyimbo nne za kale za kanisa pale kwenye kinanda, akabuni simfonia nzima bila kuandika kitu, kuanzia dunia ikimngojea Mwokozi hadi ufufuko. Baadaye akaiandika, na sisi wapiga vinanda tunaisoma mpaka leo. Kazi ya Pasaka imezaliwa katikati ya glavu na kofia. Niambieni ni duka gani hilo.

#35 Wa Moi Avenue

Na ndicho kinanda kikubwa zaidi duniani, ama?

#36 Sauti ya Nne

Kile cha Boardwalk Hall, Atlantic City, kina mabomba zaidi ya 33,000. Lakini sehemu kubwa yake ilikaa miaka mingi bila kulia na bado inatengenezwa. Cha Wanamaker kinapigwa chote. Kwa hiyo ukihesabu mabomba, Atlantic City. Ukihesabu yanayoimba, Philadelphia. Na huo ugomvi kwenye makundi yetu hauishi.

#37 Mbeba Ndoo

Mpita Njia, kabla hatujaenda mbali. Shangazi #22 anasema ukumbi uliwekwa ili bidhaa na biashara vionekane kutoka kila ghorofa. Wewe ulikuwepo. Ulipanda juu? Ukiwa roshani unaona nini hasa?

#38 Mpita Njia PA

Nilipanda mpaka ghorofa ya tatu. Uzio wa roshani unafika kifuani. Ukiegemea, unaona kwanza mabomba, maana yako mbele yako kabisa. Ukitazama chini unaona mgongo wa tai na vichwa vya watu. Bidhaa huzioni vizuri, labda rangi rangi tu za mikoba. Upande wa pili wa uwazi, ghorofa ileile yangu, kulikuwa na mzee mmoja kavaa kofia, amefunga macho, vidole vyake vinafuata muziki juu ya uzio. Nilimwona yeye muda mrefu kuliko kitu chochote kilichokuwa kinauzwa.

#39 Fremu Kumi

Kwa hiyo bidhaa hazionekani. Shangazi, hoja yako ya #22 imepata ufa.

#40 Shangazi wa Tabata

Haijapata. Aliona watu. Mimi nilisema anayehudumiwa anaonekana, sikusema kitenge kinaonekana. Rudi ukasome.

#41 Fundi Zege

Mpita Njia, ukipita tena pale, hata kama pamefungwa, chungulia mlango wa Chestnut uniambie ule mstari wa sakafu unapokutana na ukumbi uko sawa au kuna kamwinuko kadogo. Hoja yangu ya #15 inasimama au inaanguka hapo.

#42 Mpita Njia PA

Jumamosi napita. Nitabeba futi kamba.